Mchanga Kwenye Buti

Wiki hii nilikuwa kwenye gereji moja ya Nakawa, nasubiri breki zangu zifungwe. Kando yangu fundi alifungua buti la gari jeusi la injini kubwa, lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, akakuta magunia mawili ya mchanga.

"Hajji, hii mchanga ni ya nini? Inakula mafuta bure. Nitoe?"

Mwenye gari, aliyerudi karibuni na gari lake kutoka Uskoti, aliweka kiganja juu ya gunia. "Acha. Kule kwenye theluji, gari kama hii nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga mafuta inazunguka tu. Mchanga unaikandamiza."

"Lakini Kampala hakuna theluji, ssebo."

"Najua."

Yule bwana akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake alizidiwa hapa nyumbani, naye kule Uskoti akakimbilia uwanja wa ndege. Gari likazunguka kwenye theluji, likaingia mtaroni, ndege ikamwacha. Jirani wa kule alikuwa amemshauri aweke mchanga, yeye akamcheka jirani huyo.

"Na sisi Waislamu hatulazi maiti. Nilipofika, watu wengine walikuwa wamekwisha kumteremsha kaburini. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee."

Fundi alifunga buti polepole, kwa mikono miwili, mchanga ukiwa ndani.

Mimi huwacheka wanaotembea na mwavuli jua likiwaka. Huyu sikumcheka. Mvua yake ilikwisha kunyesha.