Wa Kwanza kwa Jina Lake

Fundi Visigino hakuwa mshona viatu wa kawaida, na ukimwita hivyo alikutazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Yeye alishonea watu wenye miguu isiyolingana. Soli ya upande mfupi aliiinua kwa tabaka juu ya tabaka la mpira mwepesi, akichonga kwa kisu, mpaka mwenye mguu asimame bila kuyumba. Kazi kama hiyo haiishi kwa wateja wa mtaani, kwa kuwa mtaa mzima unaweza kuwa na mmoja tu, au usiwe naye kabisa. Wateja wake walitoka mbali, wakielekezwa na madaktari wa mifupa waliomjua. Madaktari wale walistaafu, wengine wakazikwa, na vijana waliorithi viti vyao hawakumjua hata kwa kivuli.

Siku hizi mwenye shida haulizi jirani, anauliza simu.

Binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za watu ofisini, alimfungulia ukurasa mtandaoni. Mzee akatoa sharti: iwekwe picha ya kibao chake cha mlangoni, basi. Kibao kile kilikuwa na herufi nyekundu zenye kivuli, na kila kitu kilikuwemo: kazi, mtaa, namba ya simu.

"Baba, mtambo wa kutafuta unataka maneno. Hii ni picha."

"Maneno si hayo hapo kwenye kibao?"

"Kwa macho yako. Kwa mtambo hizo ni rangi tu. Acha niandike unachofanya, kwa maneno wanayosema wagonjwa wenyewe."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sijitembezi, mwanangu. Weka kibao."

Akaweka. Baba ni baba.

Tangu hapo, kila asubuhi akishafungua karakana, mzee aliandika "Fundi Visigino" kwenye simu na kungoja. Na kweli, jina lake lilitokea juu kabisa. Alimwonyesha kinyozi wa mlango wa pili, akamwonyesha na mama muuza mkaa. "Dunia nzima, wa kwanza ni mimi!"

"Hongera, fundi," kinyozi alimwambia, wembe mkononi. "Ila wa kwanza gani benchi lake linalaliwa na paka?"

"Wewe nyoa. Usije ukamkata mtu sikio kwa wivu."

Walicheka wote wawili, lakini mzee aliporudi ndani alimfukuza paka.

Mwenye nyumba naye akaja, kijana mpole aliyerithi vyumba vile kwa marehemu mjomba wake. Hakutaka hata kukaa. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini chumba kinashinda kimya, na kuna muuza rangi anakililia. Nitamzuia mpaka mwaka uishe. Kazi ikiwepo, utabaki. Isipokuwepo, usinilaumu."

Usiku ule mzee hakugusa chakula. Binti akamuuliza, naye akajibu kwa ukali, kana kwamba binti ndiye mwenye nyumba: "Shida haiko mtandaoni. Huko mimi ni wa kwanza!"

Binti alitoa simu yake mwenyewe. "Baba, nani anakutafuta kwa jina? Anayekujua. Asiyekujua anaandika maumivu yake." Akaandika: viatu vya mguu mmoja mfupi.

Jibu la kwanza lilikuwa duka kubwa la upande wa pili wa mji. La pili, duka lile lile. Chini yake hospitali, kisha muuza ndala wa jumla, kisha mganga aliyedai kurefusha miguu kwa mafuta.

"Shuka," mzee alisema.

"Nimeshuka, baba. Huku hafiki mtu."

"Shuka tu."

Alishuka mpaka kidole kikachoka. Mganga walimkuta mara tatu. Fundi Visigino hakuwemo.

"Lile duka linauza vya kiwandani!" mzee alifoka. "Wanachomeka kipande cha mpira ndani kama mtu anaziba pancha! Huo mtambo wako hauoni?"

"Mtambo hauvai viatu, baba. Wao wameandika. Kila tatizo la mguu wameliandikia ukurasa wake. Hospitali zimewataja kwenye tovuti zao, na anayetajwa na wanaoaminika ndiye anayepandishwa."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena bila kutazama popote. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Haya. Andika."

Jioni zilizofuata yeye alisema, binti akaandika. Kwa nini mguu haupimwi kwa macho. Namna ya kumsimamisha mtu juu ya vibao mpaka nyonga zilale sawa. Dalili za mtoto anayeumia mgongo kwa sababu ya kiatu. Kibao kikashushwa, yakapanda maneno. Binti alimtafuta hata muuguzi mmoja mkongwe wa mazoezi ya viungo, akamwomba amtaje mzee kwenye ukurasa wa kliniki yao.

"Sasa watakuja lini?"

"Sijui, baba. Inachukua miezi."

Mwaka ukaisha kabla ya miezi hiyo. Muuza rangi akaingia na ngazi zake. Cherehani ya ngozi ilikwenda kwa mnunua chuma chakavu. Mifano ya miguu ya mbao aliyoshonea viatu, kila mmoja na jina la mteja wake, ilirundikwa nyuma ya nyumba ya binti, mvua ikaivimbisha na kuipasua.

Ndipo simu ikaanza kulia.

Ukurasa ulikuwa umepanda. Binti aliuona, akamwendea baba yake. "Baba, niufute?"

"Thubutu!"

Mzee alipokea simu zake uani, akiwa amewapa kisogo watu wa nyumbani. Mdomo wake haukuweza kutamka kwamba amefunga. "Ndiyo, ndimi. Njoo tu, mama. Mlete mtoto." Binti hakuyasikia hayo mpaka siku simu ya mzee ilipolia mezani, mwenyewe akiwa msalani, akaipokea yeye.

"Fundi, tumefika," sauti ya mwanamke ilisema, ikihema. "Tumepanda magari tangu alfajiri. Mbona hapa ni duka la rangi?"

Binti alikaa chini. "Dada yangu, nisamehe. Fundi amefunga."

"Amefunga leo?"

"Amefunga."

Nyuma ya mwanamke yule mtoto aliuliza kama ndipo hapo, na kama avue viatu. Simu ikakatika.

Mzee alisimama mlangoni, mikono bado inatiririka maji. Alikuwa amesikia. Binti alifungua kompyuta, akaufuta ukurasa wote mbele yake, na mzee hakusema "thubutu".

Lakini mtambo husahau polepole kama unavyojifunza polepole. Kwa siku kadhaa ulizidi kuwaonyesha watu kilichokwisha kufutwa, pamoja na namba yake, nao wakazidi kupiga. Mzee aliilaza simu mapajani, akaitazama ikilia mpaka inyamaze.