Jicho la Pavlova

Lester Hobday hakuwahi kuliacha tundu likae kwa amani. Miaka thelathini na mitano aliendesha lori la maziwa pale Dungog, Australia, na tangu astaafu kila kilichopasuka mjini kilipitia mikononi mwake: matangi ya maji, boti, hata kibanda cha mbwa ambaye mwenyewe hakuwa na malalamiko. Faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi, ndiyo ilikuwa dini yake.

Kwa hiyo mkewe, Noreen, aliponunua trela kuukuu la farasi lenye tundu la ukubwa wa kisosi kwenye ukuta wa mbele, aliyefurahi zaidi ni Lester. Trela lilikuja na Pavlova, farasi jike wa miaka ishirini na minne. Noreen alitaka jambo moja tu: kumwingiza kwenye shindano la farasi wazee, kwenye maonyesho ya mji, Jumamosi wiki tatu mbele, saa nne asubuhi. Mwakani huenda Pavlova asiwepo.

Lester alifanya kazi wiki tatu. Alikwangua, akapiga msasa, akabandika kitambaa cha faiba tabaka juu ya tabaka. Siku moja ya joto kali alizidisha dawa ya kugandisha, gundi ikawa jiwe ndani ya ndoo na brashi imesimama wima katikati.

"Sasa tuna sanamu," Noreen alisema.

Lester alianza upya. Mwishowe ukuta uling'aa hata akawa anautumia kama kioo cha kuchania nywele, nazo zilikuwa chache.

Jumamosi, saa mbili, Pavlova aligoma kupanda. Walimbembeleza kwa karoti. Lester alimsukuma kwa bega, akakanyagwa kidole. Merv, jirani aliyewauzia trela na farasi, alikuwa ameegemea uzio na kikombe chake cha chai.

"Kile kitundu kiko wapi?" aliuliza.

"Nimekiziba. Njoo ushike uone."

"Bwana wee, kile nilikitoboa mwenyewe. Huyu haingii mahali asipoona aendako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikipita unanisomesha habari za msasa."

Noreen alitazama saa, machozi yakamlengalenga. Na Merv, Lester angebishana hadi jioni, lakini si na macho yale. Aliingia karakana akatoka na msumeno wa umeme.

"Geukeni huko," alisema.

Pavlova alinusa tundu jipya, akapanda mwenyewe kama mwenye tiketi.

Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Farasi walikuwa watatu, Pavlova akawa wa tatu, na Noreen akaubusu utepe wa nafasi ya tatu mbele ya majaji. Lester hakuona. Alikuwa kwenye trela, anajikuna vumbi la faiba shingoni, anapiga msasa kingo za tundu zisije zikamkwaruza yule bibi farasi.

Wakati wa kurudi aliendesha polepole. Kwenye kioo cha kuonea nyuma, njia nzima, jicho moja kubwa lilikuwa likimtazama kupitia tundu.

"Anakagua kazi," alimwambia Noreen.