Neno "uchafu" linavyomnyima raha Mabel wa maabara

Saa moja na robo asubuhi, Mabel Nandonde anafungua kabati la joto la maabara, anatoa chupa moja na kuinyanyua kuelekea dirishani. Anaitazama, anaigeuza, anaitazama tena. Kisha anaiweka mezani taratibu.

"Jana ilikuwa ang'avu," anasema. "Leo siipendi."

Ndani ya chupa hiyo kuna supu maalumu ya kuoteshea vimelea, iliyochanganywa na damu ya Paskalia, mama wa miaka 34 kutoka Lupaso. Alipasuliwa utumbo katika hospitali hii ya mjini Masasi, na leo ni siku yake ya 17 wodini. Ametundikiwa dripu tangu siku ya kwanza, amepewa dawa za bakteria za kila aina, na homa imekataa kushuka. Damu ikituama, juu yake panatakiwa pabaki peupe. Leo pana ukungu.

Mabel anapaka tone kwenye kioo, anatia rangi, anainamia darubini. Mwandishi wa simulizi hii ameamriwa akae karibu na mlango na asiguse kitu chochote, na anatii.

"Fangasi," anasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Wa jamii ya hamira. Hawa hapa, na wengine wanachipua."

Haandiki kitu wala hapigi simu. Anavua glovu, ananawa na kutoka mbio kuelekea wodi ya wanawake, koti jeupe likipepea nyuma yake. Ana miaka 43, mwili si haba, na wauguzi wanampisha njia.

Dokta Gwakisa, mwenyeji wa Tukuyu ambaye ana miaka mitano hapa, anamsikiliza akiwa amesimama.

"Una uhakika, Mama Reginald?"

"Nina uhakika ni fangasi. Sisubiri sampuli ya pili."

Amri zinatoka papo hapo. Mpira wa dripu uliokuwa mkono wa kushoto ung'olewe, kwa kuwa fangasi hupenda kujishikiza humo, na mwingine uwekwe kulia. Dawa ya fangasi ianze kabla ya saa tatu. Hapo ndipo shida inapoanza. Vidonge vipo, lakini Paskalia anatapika kila anachomeza. Dawa ya kuingiza kwenye mshipa zipo chupa mbili tu, za leo na kesho.

Simu zinapigwa huku na kule. Chupa kumi na sita zinapatikana Newala. Gari la hospitali linaondoka saa nne, na kuanzia saa sita Mabel anatoka nje kila mara kuchungulia geti, kana kwamba macho yake yatalivuta lile gari literemke mlima upesi. Chakula chake cha mchana kinapoa bila kuguswa. Gari linaingia saa tisa na nusu.

Ukimuuliza kwa nini anahangaika kiasi hicho ilhali kazi yake ni ya maabara, si ya wodi, anakusimulia habari za kwao, Chidya.

Baba yake alikuwa katekista wa Anglikana. Mama yake, kila msimu wa korosho, alikamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, na kutengeneza uraka, pombe yake, jambo ambalo padri alilijua vizuri na hakuwahi kulisemea hata siku moja.

"Uraka huutii hamira," anaeleza. "Unakamua maji ya mabibo, unayaacha, yanachemka yenyewe. Mimi nimekua nikijua hamira iko kwenye tunda, iko mikononi, iko hewani. Ujuzi huo ndio ulioniponza."

Mwaka jana, Oktoba kama hii, mji mzima ukinuka mabibo, chupa ya mgonjwa mwingine ilifanya ukungu. Alikuwa Salmini, fundi baiskeli wa Nanganga, mwenye miaka 52. Mabel aliona fangasi kwenye darubini. Jumapili iliyotangulia alikuwa Chidya akimsaidia mama yake kukamua, na vidole vyake, anasema, bado vilikuwa na ile harufu. Akadhani amewaingiza chupani yeye mwenyewe. Akaandika kwenye fomu: "Huenda ni uchafu. Rudieni sampuli."

Sampuli ilirudiwa baada ya siku mbili. Ilipoota, Salmini alikuwa ameshazikwa.

"Bakteria wa ngozi unaweza kusema ni uchafu," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Fangasi ndani ya damu, hapana. Huo ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Tulifundishwa chuoni. Mimi nikatanguliza ya nyumbani kwetu."

Daktari aliyekuwapo alimwambia kuwa huenda Salmini asingepona hata hivyo. Mabel anasema maneno hayo hayakumsaidia. Tangu siku hiyo hajagusa bibo, na chupa kama 40 za kila mwezi anazikagua mara mbili kwa siku, ingawa maabara ina watu wawili tu.

Damu ya Paskalia ilipimwa tena baada ya siku mbili za dawa. Ikaota fangasi tena. Mumewe, Lameck, alikuwa akija mlangoni pa maabara kila asubuhi, kofia mkononi.

"Vipi leo, mama?"

"Bado, baba. Tunaisubiri nyingine."

Chupa ya tatu, iliyochukuliwa siku ya nne ya dawa, ilikaa kabatini siku tano ikiwa ang'avu. Homa ilikuwa imeshuka. Lakini daktari alikataa kushangilia: dawa lazima iendelee wiki mbili, zikihesabiwa tangu damu hiyo safi ilipochukuliwa, na macho ya mgonjwa yakaguliwe, maana fangasi hawa hupenda kwenda huko. Mabel naye hakushangilia.

Alikuwa na ombi moja kwa gazeti. Simulizi hii isichapishwe kwanza. Familia ya Salmini haikuwahi kuambiwa habari za ile fomu, na hakutaka waisome gazetini. Gazeti lilikubali.

Jumamosi iliyopita alikwenda Nanganga. Mwandishi alimsindikiza mpaka uani na kukaa kando. Mjane, Mama Mussa, alikuwa akianika korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Mabel hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: chupa, darubini, neno aliloandika. Alisema amekuja kuomba radhi, na kwamba anapanga kupita maabara za wilaya zote mbili, Masasi na Newala, kabla ya msimu ujao, kuwasimulia wenzake kosa hilo kwa jina lake mwenyewe.

Mama Mussa aliendelea kutandaza korosho kwa kiganja.

"Na huyo mwanamke mwingine," aliuliza bila kuinua kichwa, "amepona?"

"Bado yuko wodini, mama. Zimebaki siku tatu amalize dawa."

"Sasa hapa unafanya nini?" alisema Mama Mussa. "Rudi ukamwangalie."