Binti Sauli Hakuzaa

Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba hadithi ya mwanamke asiye na mtoto lazima iishe kwa kilio cha kichanga. Najua, Biblia yenyewe imechangia. Sara alizaa, Raheli alizaa, Hana alizaa, Elisabeti akazaa uzeeni. Kila mhubiri anapomfikia mmoja wao, pale kanisani kwetu Sumbawanga, shingo huanza kunigeukia taratibu, kama za kuku waliosikia mtu anapepeta ulezi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimeolewa miaka mingi, na sina mtoto. Wenzangu wote katika umoja wa akina mama wanaitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Mimi naitwa Mwalimu.

Ndiyo maana nilimpenda binti Sauli, mke wa kwanza wa Daudi. Huyu hakuzaa hadi alipokufa. Imeandikwa hivyo, kwa ufupi kabisa. Wahubiri wetu hupenda kusema ilikuwa adhabu, kwa sababu alimchungulia mumewe dirishani akicheza mbele ya sanduku la agano, akamdharau, na mumewe alipofika nyumbani akamwambia ukweli wake. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama Daudi, na wake zake wengine wote wale, alikanyaga tena chumbani mwa yule mwanamke. Mtoto angetoka wapi? Angeingilia dirishani?

Nilikuwa nimeshaandika hadithi kadhaa za wanawake wa Biblia, lakini huyu nilimwandika kwa hasira. Nilimhamishia huku Ufipa. Nikampa nyumba ya tofali za kuchoma, upepo wa Julai, shamba la ulezi na maharage. Nikamwacha azeeke. Anagombana na jirani kwa sababu ya mbuzi, wanapatana, wanakwenda pamoja kuuza maharage Namanyere na kurudi na basi la mwisho wakiwa wamecheka hadi mbavu zinawauma. Kuna siku anasikitika, na kuna siku anasahau kabisa kusikitika. Mwishoni anafunga dirisha kwa sababu ya baridi, anakula ugali wake na samaki wa Rukwa, analala. Basi. Ukurasa ule wa mwisho niliuhangaikia kuliko yote, maana nilitaka mtu ausome na asimwonee huruma. Kusema kweli, nilitaka nisionewe huruma mimi.

Msomaji wa kwanza alikuwa mume wangu. Yeye ni afisa kilimo, kituo chake kiko Namanyere, hurudi nyumbani Ijumaa. Alisoma akiwa kwenye kochi, miguu ndani ya blanketi. Akacheka alipofika kwenye mbuzi. Alipomaliza akasema, "Hapa usiguse kitu." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Niliona nina mtu mmoja anayenielewa, na mmoja alinitosha.

Wiki chache baadaye mwenyekiti wa umoja wetu akaniomba hadithi ya kuigiza Jumapili ya akina mama. Ni mama wa makamo aliyehamia huku kutoka Mbeya, anauza mchele sokoni, mchapakazi, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Nikampa hadithi ya binti Sauli. Siku ya mazoezi ya kwanza akanivuta pembeni.

"Mwalimu wangu, hadithi tamu. Ila mwisho wake bado haujafika."

"Umefika, mama. Analala."

"Analala halafu?"

"Halafu basi."

"Hapana bwana! Watu watarudi makwao na huzuni. Mungu wetu hashindwi na kitu, mwanangu. Hebu mwongezee kidogo pale."

"Mama, Biblia inasema hakuzaa hadi kufa. Nimwongezee nini?"

Akanipapasa bega kwa upole. "Wewe kusoma sana kunakupunguzia imani."

Nilirudi nyumbani nimefura. Hivi kweli! Mimi ndiye niliyeshikilia Maandiko kama yalivyo, wao ndio wanaotaka kuyarekebisha, halafu mwenye imani haba niwe mimi! Kila siku ya mazoezi niliwasisitizia kwamba mwisho usiguswe, na kila siku waliniitikia, "Sawa Mwalimu, usijali," kwa ule upole ambao unaudhi kuliko ubishi. Ukibishiwa unaweza kujibu. Ukionewa huruma unajibu nini?

Jumapili ikafika, kanisa likajaa. Igizo lilikwenda vizuri sana, siwezi kuwanyima hilo. Fundi cherehani wetu ndiye aliyekuwa binti Sauli, na mvi zake nilimpaka mwenyewe kwa unga asubuhi ile. Kwenye mbuzi watu walishika mbavu. Akafunga dirisha, akala, akajilaza mkekani, nami nikashusha pumzi.

Mara kwaya ikaanza kuimba, wimbo ambao haukuwapo kwenye mazoezi yoyote niliyoyaona. Mwenyekiti akatokea mlango wa nyuma amebeba mtoto. Si mwanasesere, mtoto kweli, wa mwanakwaya mmoja, amefungwa shali jeupe. Akamwendea yule bibi kizee mkekani, akamwamsha, akamwekea mtoto mikononi. Binti Sauli, na mvi zake za unga, amejifungua! Vigelegele vilitikisa bati.

Nilikuwa sijajua kama nisimame au nitoke nje, mwenyekiti akatangaza, "Mwandishi wetu aje mbele! Mwisho huu tumemtungia yeye." Nikasukumwa na mikono iliyojaa upendo hadi madhabahuni. Wakanipakatisha yule mtoto, kwa sababu wanaamini kwamba kumpakata mtoto wa mwenzio kunakufungulia njia. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaanza kuomba.

Mtoto alikuwa mzito, amelala fofofo, ananukia maziwa. Yeye hakuwa na kosa, kwa hiyo nilimshika vizuri. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Nilichokiandika kwa miezi kilikuwa kimegeuzwa kuwa maombi yangu mimi, maombi ambayo sikuwa nimeyaomba, na watu mia wakaitikia. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Nilitaka tu tutazamane, anikonyeze, tukacheke nyumbani.

Nikamwona upande wa wanaume. Alikuwa amesimama, mikono juu, macho ameyafumba, machozi yanamteremka hadi kwenye kola. Midomo yake ilikuwa inaitikia amina kwa kila neno la mchungaji.

Ibada ilipokwisha tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni ndipo nikamwuliza, "Si wewe uliyeniambia nisiguse kitu?"

"Ni kweli. Hadithi yako nzuri, mke wangu. Niliipenda."

"Na hii ya kwao?"

Akatafuta funguo mifukoni, mfuko huu na ule, ingawa zilikuwa mkononi. "Hii naiombea kila siku," akasema. "Nikiwa kule kazini, kabla sijalala."

Hakusema kwa lawama, na hapo ndipo iliponiuma. Miaka yote nilidhani katika nyumba hii tuko wawili tuliokwisha kuacha kusubiri, na nimeandika kurasa na kurasa nikiegemea hapo. Kumbe aliyeacha ni mimi peke yangu. Hasira niliyotoka nayo kanisani ilikuwa bado iko palepale, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Akafungua mlango, akasogea pembeni ili nitangulie kuingia.