Koki ya Pili

Nilimpata mzee mwenye mashua ndani ya basi dogo ninaloendesha, la kupeleka wagonjwa hospitali. Nilikuwa nimeegesha, nikimlalamikia dada yangu kwenye simu juu ya baridi, mara sauti ikatoka kiti cha nyuma: "Kijana, hii bado. Ngoja Januari."

Nikageuka. Abiria wangu pekee alikuwa Mhindi wa Stanmore, kitongoji cha London, mwenye magoti mabovu. Alizaliwa Nakuru, akaondoka huko akiwa na miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, kama changu.

"Mzee, mimi nina miaka arobaini na sita."

"Basi kijana mwenye mvi."

Baada ya kidato cha nne nilitengeneza malori kwa miaka tisa, kisha nikaanza kuhamahama, mji baada ya mji, mpaka London ikaninasa. Yeye alikuwa na mashua ndogo ya dizeli kwenye mfereji pale Brentford, na hakuweza tena kuinama kuihudumia. Watoto wake hawakuitaka. Tukapatana: niiandae injini ilale salama majira ya baridi. Ikiamka nzima mwezi Machi, atanipa funguo hadi Septemba, niende nayo kokote mifereji inakofika. Siku hiyo hiyo nilinunua ramani nikaibandika ukutani. Nilikuwa sijatoka nje ya jiji hili kwa miaka minne.

Jumamosi moja ya Novemba nikashuka mashuani peke yangu. Mzee alikuwa kwake, goti lake limetoka kupasuliwa, akinielekeza kwa simu niliyoiweka juu ya kisanduku cha spana. Oili niliimwaga injini ikiwa ya moto, ili itoke na uchafu wake. Hilo nililijua. Lakini aliponiambia nijaze tangi la dizeli hadi juu, nikauliza kwa nini, ilhali mashua haiendi popote.

"Tangi tupu linatoka jasho," akasema. "Ndani kwa ndani. Halafu unapata maji kwenye dizeli."

Kilichonishangaza zaidi ni maji ya kupoza. Lori lina maji yake kwenye radieta, linatembea nayo. Injini hii inavuta maji ya mfereji, inajipoza, kisha inayatema nyuma. Inakunywa pale inapopita. Niliipenda hapo hapo.

"Sasa funga vali ya chini, ya kuingizia maji, fungua koki mbili," mzee akasema. "Maji yote yatoke. Yakiganda mle ndani, yatapasua chuma."

Koki ya kwanza ilitoa maji ya kahawia, nusu ndoo. Ya pili ilikuwa nyuma, chini kabisa. Nililala kifudifudi, nikapenyeza mkono hadi begani, nikaizungusha. Hakikutoka kitu. Nikajiambia chuma ni kimoja na maji ni yale yale, yameshatokea kule kwingine.

"Imekojoa?"

"Imekojoa."

"Zote mbili?"

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na nilitaka kwenda nyumbani. "Zote mbili, mzee."

Nikatoa kigurudumu cha mpira cha pampu, kile kinachovuta maji, nikakitia kwenye mfuko na kuufunga pamoja na funguo, mtu asije akawasha bila hicho. Nikarudi nyumbani, Hounslow.

Jioni ile neno moja lilinikaa kichwani: yatapasua chuma. Shuleni tulifundishwa kwamba maji hutanuka yakiganda. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama, bila kuamini. Kule nilikokulia maji hayajawahi kuvunja kitu kwa kusimama kimya. Nikajaza maji chupa ya jamu, nikaifunga kifuniko, nikaiweka kwenye friza.

Asubuhi niliamshwa na kelele jikoni. Tunaishi nyumba moja na mama mmoja Mkongomani anayehudumia wazee, na alikuwa ametoka kazini.

"Ni nani alitia chupa mu frijo? Nyama yangu yote iko na vioo!"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kuona."

"Mutu mukubwa na mvi! Sasa umeona. Fagia."

Nikafagia, lakini taratibu. Barafu ilikuwa imesimama yenyewe, ina umbo la chupa, na kioo kimebanduka kama ganda la karanga. Nikiwa bado nimeishika ndipo nilipoikumbuka ile koki ya pili. Nikatazama simu. Usiku wa siku hiyo baridi ingeshuka nyuzi nne chini ya sifuri.

Nilinyoosha hanga ya waya ya kutundikia nguo, nikapanda basi la Brentford. Nikalala tena kifudifudi, nikaingiza waya kwenye tundu la koki, nikasokota. Kwanza yalitoka matope meusi kama machicha ya kahawa. Kisha kikatoka kigamba cha konokono. Halafu maji yakaja kwa kishindo, yakaniingia kwenye mkono wa sweta hadi kwapani, na niliyashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Nusu ndoo nyingine.

Nikampigia mzee. "Jana nilikudanganya. Koki ya pili haikutoa kitu."

Nikamsikia akipunguza sauti ya televisheni.

"Na leo?"

"Leo imekojoa. Matope yalikuwa yameiziba."

"Huziba kila mwaka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Niliuliza. Ukajibu."

Mwezi Machi alikuja na fimbo, chupa ya chai na mto wa kukalia. Nikarudisha kigurudumu cha pampu, nikafunga koki zote mbili mbele ya macho yake, nikafungua vali. Injini ikakohoa mara mbili. Ya tatu ikashika. Mzee akainamia ubavu wa mashua kadiri goti lilivyomruhusu, akatazama maji yakitemwa nyuma.

"Inakunywa," akasema, akaniachia funguo kama tulivyopatana.

Nikangoja ashuke. Akaweka mto wake, akakaa, akajimiminia chai.

"Mzee, nikushushe wapi?"

"Endesha kwanza."