Chui Asiye na Nyayo

Asubuhi niliyoondoka Ihanda damu ilikuwa imekauka ndani ya pua, nikawa napumulia mdomo. Siku iliyotangulia tulikuwa tumemzika mtoto wa mjomba. Kanisani tuliambiwa Mungu amemchukua, tukapiga magoti tukashukuru. Jioni watu walewale walikaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wakijadili ni jirani gani aliyemroga. Nikauliza: kama ni Mungu, jirani anatafutwa wa nini? Na kama ni jirani, tulikuwa tunamshukuru nani? Nilitaka kujua tu. Mjomba alinijibu kwa mpini wa jembe.

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi, shule niliiacha darasa la tano, na kuondoka mahali lilikuwa jambo ninalolijua kuliko kukaa. Nilivaa makatambuga yangu ya matairi, nikachukua ndizi tatu za kuchoma. Penye njia panda nilifuata njia inayoteremka kwa sababu kichwa kiliniuma. Ndivyo nilivyojikuta naelekea Mabira. Siku hizi huko ni wilaya ya Kyerwa. Wakati huo, miaka mitatu minne baada ya vita vya mpakani, kote kulikuwa Karagwe.

Alasiri, migomba ilipokwisha na mbuga ikaanza, nilikutana na mfugaji mmoja akirudisha ng'ombe. Alikuwa mwembamba, mrefu, rozari shingoni na mkuki begani. Nilimwamkia. Aliitikia huku akiitazama pua yangu.

"Nani kakupiga?"

"Mjomba."

"Ulimwibia?"

"Nilimuuliza swali."

Alicheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka. "Basi kwangu usiulize kitu. Fungulia tu ndama."

Nikafungulia ndama. Mmoja hakuwepo. Alikuwa ameuawa siku tatu nyuma, koo limeraruliwa, na yule mfugaji alikuwa amemchuna ngozi na kuijaza majani makavu. Wakati wa kukamua aliisimamisha mbele ya mama wa ndama. Ng'ombe akainusa, akailamba, akatoa maziwa.

"Hajui kwamba ni majani?" nikauliza, nikiwa nimeshasahau onyo.

"Labda anajua. Maziwa ndiyo hayajui."

Nililala kwake. Alfajiri aliniamsha, akanipa fimbo, akaniambia tunakwenda kumtafuta chui aliyemuua ndama. Nilimuuliza kama alimwona. "Koo lile ulitaka liraruliwe na nani, na padri?" akasema, tukatoka.

Ulikuwa mwezi wa senene. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na nyasi zilitufika kifuani, zimelowa, zimejaa senene, panzi wale wa kuliwa, waliolemewa na maji wasiweze kuruka. Yeyote wa huku anajua kwamba saa kama hiyo watu hutambaa nyasini na makopo kuwakusanya kabla jua halijawakausha mbawa. Tulijua sote wawili. Lakini tulikuwa tumetoka kumtafuta chui, na macho yalikuwa yameshaamua yatakachokiona.

Mbele yetu nyasi zikatikisika. Tukasimama, nazo zikatulia. Zikatikisika tena, chini kabisa, kama mnyama anayejivuta kwa tumbo. Nikaona mgongo wa rangi ya udongo wenye madoa meusi.

"Chui," nikasema.

Nilisema neno hilo moja tu. Mfugaji akarusha mkuki.

Kilichopiga kelele kilikuwa mtu. Tulimkuta amelala kifudifudi, mkuki umemwingia pajani karibu na kiuno, kopo la senene limemwagika chini ya kidevu chake. Mgongoni alikuwa amejifunika gunia la kahawa kujikinga na umande. Madoa niliyoyaona yalikuwa maji.

Mfugaji aliuchomoa mkuki kwa mikono miwili, damu ikaruka mpaka kifuani kwangu. Nilivua shati nikalikandamiza pale. Yule mtu, kibarua wa asili ya Burundi aliyekuwa akilima mashamba ya kahawa ya watu, alikuwa ameshikilia nyasi kwa meno.

"Kwa nini hukuita?" mfugaji alimuuliza. "Kwa nini hukusema ni mtu?"

"Nilisikia mnakuja. Nikadhani chui. Nikalala."

Alieleza kwa maneno yaliyokatika kwamba alijifunza hivyo utotoni, walipokuwa wakikimbia kutoka kwao: ukisikia nyasi zinatembea, unalala chini na kufunga mdomo. Wenzake waliosimama kuangalia ni nani, aliwaacha hukohuko.

Miaka mingi baadaye, makambi ya wakimbizi yalipojaa Karagwe, nilifanya kazi ya kubeba mapipa ya maji kwa daktari mmoja wa kigeni. Alikuwa mtu wa kuzungumza, na hakuchoka kuulizwa. Siku moja nilimuuliza dini zimetoka wapi. Alisema wapo wataalamu wanaodhani zilianzia nyasini. Zamani sana, wazee wa wazee wetu walipokuwa wakiishi mbugani, nyasi zikitikisika palikuwa na watu wa aina mbili. Mmoja alisema ni upepo, mwingine akasema ni mnyama, akakimbia. Mara tisa kati ya kumi ulikuwa upepo, na mkimbiaji alichekwa. Mara ya kumi mchekaji aliliwa. Hivyo waliobaki na kuzaa ni waoga, na sisi ni watoto wa waoga: nyuma ya kila kitu kinachotikisika tunaona mwenye nia. Radi ina mwenyewe, ugonjwa una mwenyewe, jua lina mwenyewe. Kosa hilo, alisema daktari, halina hasara kubwa.

Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa akifunga majeraha kutwa nzima, nikashangaa anavyoweza kusema hivyo. Hasara ipo, ila huenda ikamwangukia mwingine. Mimi niliona mgongo wa chui, na paja lililotobolewa lilikuwa la kibarua.

Lakini siku ile sikuwa nawaza hayo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikusanya senene upande wa pili alituona tumesimama juu ya mtu anayevuja damu, na mkuki mkononi, akapiga nduru. Huku kwetu nduru ikipigwa, kila aisikiaye huipokea na kukimbilia inakotoka, na asiyekimbia ataulizwa kwa nini. Ililia bonde zima. Walikuja na mapanga, fimbo, mmoja na mchi wa kutwangia. Hawakuuliza. Pigo la kwanza lilimpata mfugaji kinywani, akatema meno. La pili lilimwangusha. Nilisikia mbavu zake zikilia kama vijiti vinavyokanyagwa. Mimi nilipigwa mawili matatu nikaachwa, kwa kuwa sikuwa na mkuki.

Balozi wa nyumba kumi alifika anahema, akamkalia mfugaji kwa mwili wake mwenyewe ili wasimmalize. "Kwanza aseme. Aseme, halafu mtaendelea."

"Nani kakutuma umuue?" wakauliza.

"Nilidhani chui," alisema mfugaji kwa kinywa kilichojaa damu.

"Chui anavaa gunia?"

"Nilidhani chui."

Hakusema ni nani aliyemtamkia neno lile. Alikuwa na kila sababu ya kuninyooshea kidole, na nadhani kungemwokoa. Jicho lake moja lilikuwa limefunga. Kwa lile lingine alinitazama, kisha akatazama pembeni. Mtu mwenye panga alikuwa ameshamshika nywele. Nikaelewa kwamba baada ya pumzi chache atakuwa amekufa, na kwamba atakufa kwa neno langu.

"Alikuwepo," nikasema. "Chui alikuwepo kweli. Mimi nilimwona. Alikuwa juu ya huyu kibarua, akaruka mkuki ulipokuja."

Panga likasimama. Balozi alinitazama, akainama, akaanza kukagua udongo. Ulikuwa umelowa, mlaini, unaonyesha hata miguu ya ndege. Alizunguka eneo lote polepole. Nilijua nimekwisha.

"Nyayo ziko wapi?" akauliza.

Nikafungua kinywa ili niungame. Kabla sijatoa sauti, mwanamke aliyepiga nduru akasema taratibu, "Chui wa kutumwa haachi nyayo."

Niliona neno lile likipita usoni kwa kila mmoja. Ndama aliyeuawa bila mtu kusikia kitu, mkuki uliompata asiyelengwa, udongo usio na alama: vyote vikapata maana kwa mara moja. Kama ningeonyesha nyayo wangesema ni mnyama tu, kosa la mkuki ni la mwenye mkuki, na labda wangemmaliza mfugaji. Kukosekana kwa nyayo ndiko kulikomwachilia. Wale wale waliomvunja mbavu walimnyanyua wakamwekea maji kinywani. Kibarua akafungiwa machela wakaondoka naye mbio kwenda zahanati. Aliishi, nilikuja kusikia, akichechemea.

Lakini chui wa kutumwa ana aliyemtuma. Haikuchukua muda. Kulikuwa na mjane mmoja mzee ukingoni mwa kijiji, mbatizwa, aliyekuwa bado ana kibanda kidogo cha kulishia mizimu nyuma ya nyumba, na wiki ile kibarua alikuwa ameacha palizi ya kahawa yake nusu. Mtu alitaja hilo. Wa pili alikumbuka jambo lingine. Wakaanza kutembea, kisha kukimbia, nami katikati yao, nimeshikwa mkono kama bwana harusi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona.

Tulimkuta nje, ameketi juu ya majani makavu, ananyonyoa senene mbawa na miguu. Alituamkia. Balozi alianza kusema kitu juu ya kwenda kwa katibu kata, sauti yake ikazama. Walikivunja kibanda kwa mateke. Mbuzi wake wawili walikatwa shingo palepale kwenye kamba. Nyumba ilikuwa ya nyasi, imelowa, ikakataa kushika moto, wakaingia ndani wakaiwashia kitandani. Moshi mzito ukatoka kabla ya moto. Mmoja alimpiga fimbo, mzee akainua mkono, mkono ukavunjika juu ya kiwiko na kuning'inia. Hakulia. Alinitafuta kwa macho kwenye kundi.

"Wewe mgeni ndiye uliyemwona?"

"Ndiyo, bibi."

"Alitokea upande huu wa kwangu, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, au kwa kuambiwa mwongo. Swali lile sikuwa nimejiandaa nalo. Alitaka kujua kweli. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemuuliza mganga ugonjwa wake mwenyewe.

"Sijui, bibi," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Basi sikuwalisha vizuri," alisema, akikitazama kibanda kilichovunjwa.

Watu walisikia. Kwao ilikuwa ni kukiri. Fimbo zikarudi, na balozi safari hii hakumkalia mtu. Alisimama kando ameshika kofia yake. Walimwacha akiwa bado anapumua, wakamwambia jua lisimkute Mabira. Hiyo, balozi aliniambia, ilikuwa huruma.

Nilirudi mbugani kuchukua ndizi zangu. Mfugaji alikuwa amelazwa kivulini kwenye ua wa ng'ombe, mbavu zimefungwa kwa kitenge.

"Nenda," alisema. "Usipite kijijini."

"Kaka, hakukuwa na chui."

"Najua. Mkuki niliuchomoa mimi."

"Wamemvunja bibi wa watu. Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Akaomba maji, nikampa, nikaondoka.

Sikuchagua njia. Nilipita ile yenye watu wachache, na nyasi zikitikisika nilijilazimisha kutokugeuka, nikageuka kila mara. Niliapa kwamba nyumba ya kwanza itakayonipokea nitawaambia ukweli wote, wao wapeleke habari Mabira, labda bibi aokotwe njiani, labda ajengewe. Njaa ilikuwa inauma lakini ndizi sikuweza kula.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limepinda kuelekea magharibi nilipoingia Kamuli. Mzee mmoja alikuwa akianua kahawa kwenye jamvi na mkewe. Nikamwamkia, nikaomba mahali pa kulala. Aliniangalia, kifua wazi, damu ya mtu imekaukia mwilini.

"Umetoka Mabira?"

"Ndiyo, mzee."

Akamtazama mkewe. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshapita. Walikuwa wanajua yote, na zaidi ya yote: chui alikuwa na miguu ya mtu, alikuwa amemla kibarua utumbo, na alipokimbia alicheka.

"Mzee, hakukuwa na chui," nikasema. Nikamweleza tangu mwanzo, gunia, umande, neno langu, uongo wangu, mkono wa bibi. Nilimsihi amtume mtu. Sijawahi kusema ukweli mrefu kama ule, kabla wala baada.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniwekea mkono begani kwa upole wa baba.

"Nimeelewa, mwanangu. Unaogopa kumtaja. Ni vizuri. Asitajwe na sisi pia."

"Mzee, nakuambia nilidanganya."

"Waitu, mwache," mkewe akamwambia kwa heshima. "Ametishwa huyu."

Walinipa maji ya kuoga na shati. Walinipikia. Kabla ya kula mzee aliniomba niombe mimi, kwa kuwa ndimi niliyeokolewa. Nilifumba macho. Nilikuwa nimekusudia kusema maneno mawili ya kuridhisha wenyeji, lakini nikajikuta ninamwomba kweli, sijui nani, amwangalie mwanamke mmoja aliyeko njiani na mkono mmoja. Niliomba kwa muda mrefu mpaka chakula kikapoa, na nilikuwa ninataka anisikie.

Mzee alinionyesha kitanda chao wenyewe, chumba cha ndani, mbali na mlango, akasema yeye na mkewe watalala sebuleni. Nikakataa, akakataa kukataliwa. Kisha akaingiza mbuzi na kuku ndani, jua likiwa bado liko juu ya migomba, akaufunga mlango kwa gogo.