Sahani ya Jirani na Maneno Mawili

Jikoni kwetu Kibuli tulikuwa watatu: mimi, niliyeacha shule kuwalea wadogo zangu baada ya wazazi kufariki, mdogo wangu wa kike, na kitindamimba wetu wa kiume. Kesho yake binti alikuwa na mtihani wa kuingia chuo, naye alizidi kuchanganya voracious, yaani mlafi, na veracious, yaani msema kweli.

Kugeuka, chapati nilizopanga kwenye sahani ya jirani, ile aliyotuletea chakula juzi, hazipo.

“Nani kazila?”

“Huyu, dada!” akasema binti. “Hata mdomo hajafuta.”

“Basi yeye ni voracious. Wewe uliyesema kweli, veracious.”

“Mwongo!” akalia mlafi, mashavu yamejaa.

Mtihanini binti aliyakumbuka mashavu yale, akafaulu. Sahani ya jirani bado iko kwetu, maana hairudishwi tupu.